Sauti Isiyojua Kufika

Fifi alikuja dukani kwangu siku iliyofuata kifo cha mama yake, kitambaa cheusi kichwani, akakaa kwenye kiti cha wateja wakubwa bila kungoja kukaribishwa. Sikumkemea. Katika mji huu wa Kisangani, mtu akifiwa mlango wa kugonga ni wangu. Bafle zangu, spika kubwa za muziki, ndizo zinazolia kwenye matanga na kucheka kwenye ndoa, na hata wale walioniita mjinga tulipokuwa vijana leo wanasimama pale kaunta wakisema, Prezida, tusaidie. Sikumaliza shule ya msingi, lakini nina depo tatu, jenereta zangu mwenyewe na sahani za umeme wa jua juu ya bati, na hao waliomaliza shule wanakuja kuchaji simu zao kwangu. Nikamwambia Fifi achague bafle anazotaka, kwa mama yake, Ya Roza, sitozi. Akatikisa kichwa. "Tonton, bafle tutachukua, aksanti. Lakini mi nakuja juu ya ile mashine. Batu banasema sauti ya mama iko ndani."

Mashine ile inakaa juu ya kabati nyuma ya meza yangu, imefunikwa kitambaa, na hakuna mfanyakazi wangu aliyewahi kuipangusa vumbi. Nimekodisha kila kitu katika duka hili, hata viti, isipokuwa mashine hiyo. Nikamwuliza Fifi kama anajua mama yake anasema nini humo ndani. "Anaimba," alisema, kana kwamba nimeuliza swali la kitoto. Nikamwagizia chai. Alipokuwa anakunywa nilimsimulia mwaka ule, kama ninavyousimulia hapa. Mambo ya nilikozaliwa na ya wazazi wangu nayaacha. Mtu niliye leo nilizaliwa mwaka ule, kando ya maporomoko ya Wagenia, nikiwa kijana mwenye bafle mbili tu na midomo mingi.

Wakati ule nilikuwa ninauza betri sokoni, na siku za Jumamosi ninapiga muziki kwenye ndoa. Waimbaji wangu walikuwa ndugu wawili, binti za wavuvi: Ya Roza, mkubwa, na Ya Mari, mdogo wake; Ya kwetu ni heshima ya dada. Roza aliongoza, Mari aliitikia. Wimbo waliojulikana nao haukuwa wa ndoa hata kidogo. Ulikuwa wimbo wa kazi ya kwao, wa wanaume wanaotega vikapu kwenye maji makali, na wao waliutoa mtoni wakauvalisha nguo nzuri. Kazi yenyewe iko hivi. Mmoja anashuka na kamba kiunoni mpaka pale maji yanapochemka, wengine wanabaki juu kwenye miti wameshika kamba. Mto unapiga kelele, hamwonani. Donc, basi, wanaimba. Wa juu wanauliza, "Uko wapi, uko wapi?" Wa chini anajibu, "Ningojeeni, nakuja." Anapojibu, hakuna mtu kuachia kamba, hata mvua inyeshe, hata njaa iume. Akishapanda anaimba neno la mwisho, "Nimefika, achieni," ndipo mikono inafunguka. Na asipojibu, aliye juu anashuka kumtafuta. Hiyo kwao si nyimbo tu, ni sheria ya kazi. Mimi nilikuwa mtu wa soko, sikuwa mtu wa maji. Nilisikia nyimbo nzuri, nikaona watu wanacheza, basi.

Mvua za mwaka ule zilipoanza, Ya Mari alivuka na mtumbwi kupeleka samaki ng'ambo, na mtumbwi ukarudi bila yeye. Walimtafuta mpaka mbali chini ya mto. Hawakumpata. Kwao, mtu ambaye maji yamemshika hana matanga, mnangoja. Hapakuwa na kilio, hapakuwa na viti uani. Palikuwa na kimya kilichokaa kwenye ile nyumba kama mgeni asiyetaka kuondoka. Mama yao, Koko Ana, ambaye macho yake yalikuwa yameingia ukungu, aliendelea kutwanga ndizi zake za lituma kila mchana na kuuliza kama kuna mtu amepita. Na Roza hakuimba. Nilimletea waitikiaji, wasichana wazuri wa kwaya, wote wakakataa. "Kuitikia pahali pa Mari?" mmoja aliniambia. "Weye unataka nife?"

Wakati huohuo Papa Muhindo alikuwa anamwoza binti yake. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa jumla kutoka Kivu ya Kaskazini, Mkatoliki wa misa ya kila asubuhi, mwenye depo lililojaa sabuni, mabati na godoro. Alitaka Ya Roza na wimbo ule ule, la sivyo angeita orkestra ya watu wengine. Nilikwenda kumdanganya kwamba tuko tayari. Nilimkuta anakula, akaniwekea sahani ya pondu na makayabu, kisamvu na samaki wa chumvi, juu ya katoni, na kabla sijaanza uongo wangu akasema, "Nasikia muimbaji wako iko peke yake. Keti. Nina dawa." Akafungua sanduku lililotoka Dubai pamoja na mzigo wake. Ndani mlikuwa na mashine mbili za kukanyaga kwa mguu. Unaimba, unakanyaga, inashika sauti yako. Unakanyaga tena, inairudisha, na kuirudisha, na kuirudisha, mpaka uiambie basi. Waliosoma wanaita boucle. Unaweza kujiitikia mwenyewe, ukaweka sauti juu ya sauti, mtu mmoja akawa kwaya nzima.

Ndogo ilikuwa kama sanduku la kiberiti kilichonenepa, kidude kimoja cha kukanyaga, inatumia betri. Kubwa ilikuwa ya chuma, ina vidude viwili na taa, inataka umeme wa ukutani. Vijana wa siku hizi wananiuliza nilijuaje kuchagua wakati hakuna mtu Kisangani aliyewahi kuona kitu kama kile. Nilijua kwa mkono. Muuza betri anaitambua betri ya uongo kabla ya kuitia kwenye tochi, kwa sababu kitu cha uongo ni chepesi. Nikazipima zote mbili kwenye kiganja, kubwa ikanivuta bega. Kisha nikaangalia matundu. Ile ndogo ilikuwa na tundu la gitaa tu. Mikro, kipaza sauti, ungelazimika kuipitishia kwanza kwenye meza ya sauti. Kubwa ilipokea mikro moja kwa moja. Mpaka leo, anayekuja kwangu kutafuta mashine ya namna hiyo namwuliza kwanza: utaimba au utapiga gitaa? Wengi hawakufikiria.

"Na umeme ukikatika?" nilimwuliza Papa Muhindo. Mwenyewe alikuwa amejaribu zote mbili. "Hii ndogo, ukizima kabla hujaihifadhi, inasahau. Hii kubwa haisahau. Umeme ukirudi, sauti iko palepale inakungojea." Nikacheka. Nikamwambia kitu kinachosahau si mali. Naye akanitazama juu ya sahani yake, akajifuta mdomo, akasema maneno ambayo siku ile niliyaona ya mtu mwoga: "Weye uko kijana. Kuna vitu, kusahau ndiyo kazi yao." Nikaifunga ile kubwa nyuma ya toleka, baiskeli ya abiria, nikapanda juu yake, na mwenye baiskeli akalalamika njia nzima kwamba nimebeba jiwe la kaburi.

Tuliijaribu uani kwa Koko Ana, mchana, harufu ya samaki wa moshi imejaa. Roza hakutaka hata kuisogelea. Nilimbembeleza. Nilimwambia hakuna mtu atakayekaa pahali pa Mari, ni chuma tu, chuma hakina jina. Akaishika mikro kama anashika kitu cha moto. Kukanyaga ndiyo shida ya kwanza: ukichelewa kidogo tu mwishoni mwa neno, mzunguko mzima unachechemea. Na mzunguko mrefu ni mgumu kwa mtu anayejifunza, kwa hiyo nilimwambia, Ya Roza, acha neno la mwisho, tia jibu peke yake, fupi, la duara. Akafumba macho. Akaimba jibu, lakini si kwa sauti yake. Aliimba kama Mari, ile sauti ya puani, inayoingia nusu hatua nyuma ya ngoma kana kwamba imetoka kwenye usingizi. Hakuwa anaigiza. Hakujua jibu lingine. Akakanyaga. Bafle yangu ikasema, "Ningojeeni, nakuja." Ikanyamaza kidogo. "Ningojeeni, nakuja." Na Roza akaingia juu yake na sauti yake nene, "Uko wapi, uko wapi," na nywele za mikono yangu zikasimama.

Kule jikoni mchi ulikuwa umenyamaza. Koko Ana alitoka na ndizi zilizotwangwa mikononi, akasimama mlangoni, uso umeelekea bafle. Alirudi ndani, akatoka na chakula, akaandaa mkekani sahani ya Roza, sahani yangu, ya kwake, na nyingine moja. Tukala. Hakuna aliyeigusa ile. Tulipomaliza aliifunika na sahani ya pili, kama unavyomfunikia mtu aliyechelewa kazini.

Ndoa ya binti wa Papa Muhindo ilinifanya mtu. Watu walipanda juu ya viti kumtafuta mwimbaji wa pili. Baada ya hapo walikuja kutoka Tshopo, kutoka Kapalata kambini, hata kutoka Barumbu kwa boti, wote wanamtaka "yule mama wa sauti mbili". Niliongeza bafle, nikanunua régulateur ya kulinda mashine dhidi ya umeme unaopanda na kushuka, nikavaa suti ya rangi ya krimu. Lakini siku za kazi mashine ilibaki uani kwa Roza kwa mazoezi, na kidogo kidogo haikuwa tena ya mazoezi. Koko Ana aliitaka. Asubuhi kabla ya kunywa chochote aliuliza, "Mari iko?" na Roza akakanyaga. Nilipofika kuchukua vyombo vyangu, mara nyingi nilisikia sauti ile kabla sijaiona nyumba, inakuja juu ya paa pamoja na mngurumo wa maji. Majirani walikuwa wamehamisha viti vyao upande wa pili wa nyumba zao. Mama mmoja muuza mkate alinisimamisha njiani. "Prezida, ile chuma yako inakula mutu. Haijajua tu itaanza na nani."

Kisha Koko Ana akaacha kukaa uani. Alihamia mtoni. Kila alasiri alishuka mpaka kwenye mawe ya mwisho, pale miti ya vikapu inapoanza, akaketi na mikono yake imekunjwa juu ya magoti, ngumi mbili. Niliziona ngumi zile nikadhani ni baridi ya uzee. Aligeuza sikio moja kuelekea nyumbani na kuimba swali kwa sauti yake nyembamba, "Uko wapi, uko wapi?" Na mashine, kwa sababu mzunguko wake haukubadilika na mzee alikuwa amejifunza kuingia pahali pake, ilimjibu bila kukosa. "Ningojeeni, nakuja." Mvua zilikuwa kubwa mwaka ule. Kila nilipokwenda, jiwe alilokalia lilikuwa karibu zaidi na maji, na si yeye aliyesogea.

Siku moja nilifika mapema, nikasimama nyuma ya ukuta wa matete kufunga kamba ya kiatu, nikawasikia Roza na mjomba wake, Tonton Alphonse, mvuvi mwenye vidole vilivyopinda kwa kamba. "Zima," alisema Tonton. Roza akasema hawezi. "Roza, mama yako ameshika kamba. Unasikia? Yule chini anajibu. Weye mutoto wa maji, unajua: anayejibiwa haachie." Kisha Roza: "Nikizima, hatajibiwa. Na asipojibiwa, tonton?" Tonton akasema polepole, "Mbona hukutia neno la mwisho mule ndani?" Roza akajibu kwamba halikuenea. Nami nikaimaliza kamba yangu, nikaingia na kicheko kikubwa, nikawasalimu kama mtu aliyetoka tu barabarani. Lakini nilikuwa nimeelewa. Koko Ana angekaa pale mpaka mto umfuate. Na mashine haichoki.

Ilitokea alasiri yenye jua, baada ya mvua, mto ukiwa rangi ya chai ya maziwa. Nilikuwa nimeleta bafle mpya kubwa, nataka kujionyesha, nimeielekeza nje. Koko Ana alikuwa kwenye jiwe lake, maji yakimlamba miguu. Roza alikuwa anaanua nguo. "Uko wapi, uko wapi?" "Ningojeeni, nakuja." "Uko wapi, uko wapi?" Na hapo umeme ukakatika. Nilitukana barage ya Tshopo, bwawa letu la umeme, na kila aliyeijenga, matusi marefu, kama kila mtu mjini anavyofanya. Nilikuwa bado ninatukana nilipomwona Roza ameangusha nguo zote matopeni.

Kule chini mzee aliuliza tena. Hakuna jibu. Akauliza mara nyingine, akageuza sikio. Mto peke yake. Akainuka, akajifunga kitenge vizuri, kama mtu anayekwenda kazini, akashuka. Hakuteleza, naapa mbele ya Mungu. Alishuka kama sheria inavyosema, kumtafuta asiyejibu. Maji yakamfika magotini, kiunoni, yakaanza kumsukuma. Tonton Alphonse alikuwa kwenye miti, mbali, akaanza kurukaruka mawe, lakini mtu yeyote angeona hatawahi. Mimi ninajua kuchagua mashine, sijui kuogelea. Nilisimama na waya mkononi.

Roza alikimbia mpaka ukingoni, akasimama, na badala ya kuita mama, mama, kama mimi ningeita, akafumba macho. Sauti ya puani ikatoka, nusu hatua nyuma, bila mikro, bila bafle, juu ya kelele yote ile ya maji. "Nimefika, achieni."

Mzee alisimama. Maji yalikuwa yanamkata kifuani. Bila kugeuka akauliza kitu kisichomo katika wimbo: "Umefika wapi?" Na Roza alijibu kwa sauti ile ile ya mdogo wake, "Nimefika kwangu, mama. Achia." Nikaziona ngumi zile mbili zikiinuka juu ya maji. Zikafunguka kidole kwa kidole, kwa shida, kama za mtu aliyeshika kamba mwaka mzima. Ndipo Tonton Alphonse akamdaka kwapani.

Tulimkausha jikoni karibu na moto. Alikuwa anatetemeka, meno yanagongana, lakini alikula, na hakuna sahani ya nne iliyoandaliwa. Roza alikuwa anamsugua mgongo. Mzee akamshika mkono. "Mi najua ilikuwa weye," alimwambia. "Mari hakukuwa anavuta ile neno hivi. Lakini ilikuwa lazima mutu aseme." Wiki ile walifanya matanga. Bafle nilizitoa mimi, na watu walilia kilio ambacho kilikuwa kimengoja tangu mvua za kwanza. Umeme ulikuwa umerudi jioni ya siku ile ya mtoni. Nilipokwenda kuchomoa mashine, taa ya kijani ilikuwa inawaka: iko ndani, haijasahau. Nilitaka kuifuta. Roza akanizuia. "Iondoe hapa. Siku ya kufuta nitakuambia." Tulifanya kazi pamoja miaka mingi baada ya hapo, na mashine nyingine, mpya, zenye mzunguko mrefu, na kila mara aliimba mpaka neno la mwisho. Siku ya kufuta hakuniambia.

Fifi alikuwa ameshika kikombe kitupu. "Donc mule ndani mama hajafika," alisema. Nikamwambia mule ndani hatafika kamwe. Nilidhani ataogopa. Akaangalia juu ya kabati kwa macho ya mama yake. "Nipe tu, tonton. Sina picha inayosema."

Ningemkatalia. Mimi ni mtu ninayejua kukataa, ndiyo maana nina mali. Lakini nikapanda kiti mwenyewe, nikaishusha, bado nzito, nikaipangusa kwa mkono wa shati. Nikamwambia jenereta zangu achukue kwa bafle na mikro, lakini mashine hii ataichomeka kwenye umeme wa barage, si kwenye wangu, hata siku moja. Akashangaa. "Umeme wa barage? Ule unakatika kila saa! Miaka yote unajisifu wako haukatiki."

"Haukatiki," nilimwambia. "Ndiyo maana. Na ukikatika ule, jifunze lile neno la mwisho, uliseme kwa mdomo wako. Kisha usiwashe tena."

Mazishi yalipita vizuri, mji mzima ulisikia bafle zangu. Mashine haijarudi, na sijaenda kuuliza. Lakini taa za upande wa maporomoko, kwa kina Fifi, zikizimika, ninatoka nje ya duka na kusimama. Kisangani nzima inatukana, barabara hii mpaka ile, wakubwa na wadogo. Mimi peke yangu situkani. Nasikiliza.